Nyuma ya Koti la Mzee Mbaabu

Mwanangu Kagendo, uliyepewa jina la mama yangu,

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua huanza na "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Nimeandika hivyo nikakata. Mimi si mzima, na wewe hujawahi kuniogopesha tangu uote meno, isipokuwa wiki hii. Kwa hivyo naingia bila kubisha.

Umeenda Githongo kumuaga nyanya yako. Ninavyomjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala mukimo mara mbili, na atakufungia ndizi za safari kana kwamba huko Kampala unakoenda kusoma hawajui ndizi. Kampala! Mimi nilifika huko kabla hujazaliwa, juu ya lori la vitunguu, nikapotea, nikapewa chakula na mke wa askari, nikarudi na kofia isiyokuwa yangu. Hiyo unaijua. Umeisikia mpaka umeichoka. Sasa mvua inapiga mabati, nimekaa mezani, na karatasi zako ziko mbele yangu na kikombe juu yake, vile ulivyoziacha. Nimekunywa chai kwa kikombe kingine wiki nzima ili nisikiguse hiki.

Mambo ya sweta, na neti, na usitoe simu barabarani, shangazi yako atakuambia, na usipomsikiliza atayarudia. Mimi ninalo moja tu. Siku uliponipa hizi karatasi ulisema, "Baba, hii ni hadithi ya mama. Nataka kwenda nayo kwa walimu wangu wapya. Lakini ukisema hapana, nitaichana na sitaiandika tena. Nakuuliza wewe kwanza." Mimi nikasoma, nikapiga kelele nyumba nzima, nikakuambia hiyo Kampala uende ukae huko huko. Tangu siku hiyo tunaishi kama wapangaji wanaogawana mfereji. "Maji yako." "Haya." Na kesho unaondoka. Jibu langu bado hujalipata.

Nikueleze kwanza nilivyosoma. Mimi si mjinga, hilo Meru nzima inajua. Shule niliacha kidato cha pili, lakini nimesoma kila gazeti lililofungiwa nyama hapa Majengo, nimesoma vibao vya barabara mpaka Juba, na nimesoma historia za marehemu kaburini kuliko padri yeyote. Lakini hii yako ilinishika shingo. Haina "hapo zamani." Haina "Wawira alizaliwa Runyenjes, akiwa mtoto wa tatu." Inaanza na nzi kwenye pazia! Nzi anatembea, nzi anakuwa mto wa utotoni, mto unakuwa mlio wa cherehani ya Mama Zuhura huko ng'ambo ya ukuta, na nukta hakuna. Nilitafuta nukta kama dereva anayetafuta breki kwenye mteremko wa Nithi. Nilipoishiwa pumzi ndipo nikajua mahali nilipo. Nilikuwa ndani ya kichwa cha mama yako. Amelala kitandani, kiharusi kimemnyang'anya upande mmoja na ulimi wote, na mimi nasikia anachowaza.

Halafu mchana ule ule ukausimulia tena, kama Mama Zuhura alivyousikia kupitia ukutani. Halafu tena, kama alivyouona mtoto mmoja mwenye sare ya shule, amesimama mlangoni na mkoba mgongoni. Mchana mmoja, watu watatu. Nikafungua ukurasa wa mwisho nikingoja wa nne. Hakuna. Mimi niko humo kama kicheko. "Nyuma ya pazia sauti ya mume iliwaambia wageni kitu, wakacheka." Basi. Jina sina, uso sina. Mimi, MC wa harusi na matanga, anayeitwa kutoka Kianjai mpaka Embu mjini, nimekuwa kelele ya chumba cha pili.

Ndipo nikakuuliza, "Mbona mimi sina sura yangu?"

"Baba," ukasema, na hukupandisha sauti, "wewe umekuwa na sura zote."

"Na ulijuaje alichokuwa anafikiria? Ulikuwa darasa la tano!"

"Sikujua. Nimebuni, na anayesoma anajua nimebuni. Wewe ulijuaje, ukawa unatuambia kila siku?"

Mwanangu, nimetukanwa na makuli wa Moyale. Nimetukanwa na mwenye nyumba kwa lugha tatu. Hakuna tusi lililonipiga hivyo, na halikuwa tusi.

Uliwahi kunieleza, tukichambua maharagwe, kwamba waandishi wa zamani walisimulia kama Mungu, wanaona kila chumba na kila moyo. Halafu wakaja wengine, kama miaka mia iliyopita, wakachoshwa na huo ujeuri, wakaingia kukaa ndani ya kichwa kimoja na kuona kile tu ambacho kichwa hicho kinaona. Mimi nikacheka. Nikasema, kwa hivyo wazungu walihitaji kwenda chuo kikuu ili wajue kwamba aliye jikoni haoni barazani? Ukacheka na wewe. Sasa ndipo naona nilikuwa nacheka nikiwa nimekaa juu ya mwiba.

Kwa sababu kazi yangu, tukiacha viatu vya mitumba, imekuwa kusemea watu. Unajua desturi. Siku ya posa baba mzazi haongei, bwana harusi haongei, bibi arusi yuko chumbani. Kila upande una msemaji wake, naye husema "mimi" akimaanisha ukoo mzima. Msemaji mzuri huifanya nyumba nzima icheke hata wakati mambo yanaharibika. Mimi ni mzuri. Sijisifu, uliza mtu. Na kaburini vivyo hivyo: napewa karatasi ya historia ya marehemu, naipaka mafuta, inang'aa. Wafu wote wa Imenti niliowasoma walikuwa wacheshi, wacha Mungu, na walipenda wageni. Wengine nilikuwa nawajua. Hawakupenda wageni.

Siku niliyomposa mama yako, msemaji wetu alikuwa Mzee Mbaabu, yule aliyenifunza hiyo kazi. Tulienda Runyenjes asubuhi. Na unajua, kabla ya wazee kugusa pembe ya pombe ya asali, siku hizi soda, lazima msichana aletwe na aulizwe mbele ya watu wote: tunywe? Asipojibu, hakuna anayekunywa. Ni neno lake moja siku nzima, lakini wengine wote wanalingoja hilo. Mama yako aliulizwa, akanyamaza. Akanyamaza mpaka wazee wakaanza kukohoa. Kisha akasema, "Kunyweni."

Hiyo hadithi nimeisimulia kila arusi. Unajua ninavyoimaliza: "Jamani, macho yake yalinishukia, yakajaa, midomo ikatetemeka, maskini msichana alikuwa amepofushwa na uzuri wangu!" Watu huanguka vitini. Mama yako, kila alipokuwa karibu, aliinama akafunga kamba ya kiatu. Sikuwahi kujiuliza ni mara ngapi kamba ya kiatu cha mtu mmoja inaweza kufunguka.

Wewe katika hadithi yako umempa kitu kingine katika ule ukimya. Anaangalia viatu vya baba yake. Vimepakwa rangi kwa ajili ya wageni lakini pembeni kumebaki tope la shamba, na anajiuliza nani atavisugua akishaondoka. Hapo ndipo nilipogonga meza. "Uongo! Alikuwa ananiangalia mimi!"

Kesho yake nikaenda soko la Kianjai na magunia yangu kama kawaida. Mwenda, yule wa mikanda anayekaa kando yangu, akaniambia, "MC, leo umekunja uso kama kwapa la koti. Tupe ile ya Runyenjes tuchangamke." Nikaanza. Nikafika pembe, nikafika "tunywe?", wanawake wa ndizi wameshasogea kusikiliza. Nikafungua mdomo niseme macho yake yalijaa. Nikatafuta yale macho, ili niyaseme vizuri kama kawaida. Kagendo, hayakuwepo. Niliona koti. Koti la kijivu, mshono wa mgongoni umefumuka na kushonwa kwa uzi mweusi, linanuka dawa ya nondo. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mzee Mbaabu! Bwana harusi hukaa nyuma ya msemaji wake, ameinamisha kichwa kwa heshima. Siku ile yote sikuona uso wa mama yako. Nilisikia ukimya, nikasikia "kunyweni," na uso nikautengeneza mwenyewe njiani tukirudi, nikaupenda, nikauzoea.

"Ehe? Akafanya nini?" Mwenda akauliza. "MC, umemeza kifungo? Maliza!"

"Imekwisha," nikamwambia.

"Hivyo tu? Leo umetuuzia kiatu cha mguu mmoja."

Na vile viatu vya babu yako, hivyo ningeweza kuviona, kwa chini, katikati ya miguu ya viti. Nimejaribu wiki nzima kukumbuka kama vilikuwa na tope. Mimi ni mtu wa viatu. Sikumbuki. Naandika hivyo kwa sababu kalamu ilikuwa inataka kusema nakumbuka.

Sasa lile ambalo linaniuma kuandika. Mama yako alipougua, mimi nilifanya kosa ambalo mtu wa kazi yangu tu ndiye angelifanya. Niliingia kile chumba nikaona mtu amekaa ndani, haongei, na wageni wako barazani wanangoja neno. Mwili wangu ukajua cha kufanya. Nikamsemea. Akina mama wa kanisa walipoleta mkate nilisema, "Wawira anasema mkate ni mdogo na mmechelewa!" Wakacheka, wakatoka wamefarijika. Alipotoa ile sauti yake nzito nilisema, "Anauliza kama mchungaji bado anahubiri saa mbili nzima." Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja na ugonjwa, nami nikawaambia watu: ona, anatabasamu. Ulikuwepo wewe. Uliniuliza, "Baba, mama anatabasamu kweli?" Nikakuambia ndiyo. Ulikuwa mdogo na ulihitaji kulala. Lakini nadhani aliyehitaji kulala zaidi ni mimi.

Katika ukurasa wako wa tatu umemwandika hivi, na sasa naujua kwa moyo: "ananisemea kama siku ya posa na mimi niko chumbani nangoja niletwe niulizwe tunywe lakini wamekwisha kunywa nasikia vikombe." Hapo niliacha kusoma nikaenda kusimama nje kwenye mvua. Mama Zuhura alipita na ndoo yake.

"Baba Kagendo, unaloana," akasema.

"Najua."

"Amekupa usome?"

Kumbe naye alikuwa anajua. Kumbe ulikuwa umeenda kwake kumuuliza alisikia nini ukutani, ukakaa kwenye kile kigoda chake, ukamngoja amalize kushona. Uliuliza, mwanangu. Nyumba ya msemaji imezaa mtu anayeuliza.

"Mama Zuhura," nikasema, "alikuwa analia? Usiku? Mchana? Ulisikia?"

Akaweka ndoo chini. "Mimi nilisikia wewe," akasema. "Ulikuwa unaongea sana, ndugu yangu. Sikuweza kumsikia yeye." Halafu akanishika bega, akaingia kwake.

Nina kipande kimoja ambacho hakuna mwingine anacho. Nakupa, ukifanye unavyotaka. Wiki yake ya mwisho nilitoka arusi ya Nkubu sauti imekauka kabisa, hata "shikamoo" haitoki. Wewe ulikuwa shuleni. Nikakaa kwenye kitanda. Kwa mara ya kwanza tangu augue tulikuwa bubu wawili. Alinitazama kwa muda mrefu. Uso wake huo niliuona, hapakuwa na koti la mtu. Akainua ule mkono mzima, wa kushoto, akauweka hapa kooni pangu, kama unavyoshika chungu kujua kama kimepoa. Kisha akanyoosha kidole.

Nikamletea maji. Akatikisa kichwa. Nikafungua dirisha. Hapana. Biblia, hapana. Kidole bado kimenyooka. Sikuweza kumuuliza, na nadhani hata sauti ingekuwepo nisingemuuliza, ningesema. Nikarudi nikakaa. Tukakaa hivyo mpaka cherehani ya jirani iliponyamaza na mkono ukashuka wenyewe.

Unajua nilichosema kaburini. Ulikuwa umesimama kando yangu na lile gauni la kuazima. Nikasema, "Wapendwa, mke wangu alininyooshea kidole mbinguni!" Watu wakalia, wakasema amina, na mpaka leo kuna watu huko Runyenjes wanaisimulia. Umekua na hicho kidole cha mbinguni. Na katika hadithi yako umeandika kwamba mama anainua mkono, ananyoosha kidole, na hapo sentensi inakatika. Nafasi tupu. Karatasi nyeupe nusu ukurasa. Niliipigia kelele kuliko zote. "Mbona hukuandika mbinguni? Si unajua!"

Kagendo, nimeingia kile chumba jana, nikalala upande wake, nikainua mkono wa kushoto. Kuna mlango. Kuna msumari ninapotundika koti langu la kazi. Kuna picha yetu ya arusi. Kuna dirisha, na nyuma ya dirisha njia uliyokuwa ukirudia kutoka shule. Juu kuna mabati. Mbingu haionekani pale.

Pengine alitaka koti nilivae niende zangu. Pengine alitaka nilivue nikae. Pengine ni ile njia, saa yako ya kurudi ilikuwa imekaribia. Nimelala pale mpaka mkono ukafa ganzi. Sijui. Hilo neno kwa Kiswahili ni fupi hivyo na mimi nimeishi miaka yangu yote bila kulisema mbele ya watu.

Kwa hivyo jibu ni hili. Usichane. Nenda nayo. Ile nafasi nyeupe usiijaze, hata walimu wakikuambia uijaze, hata mimi nikizeeka nikuombe. Na mimi niache pale pale nyuma ya pazia, kicheko na sauti. Ndipo nilipokuwa. Nilikuwa nimepanga kukuomba sura moja ndogo tu, nijitetee, na hata nimeshaanza mistari yake kichwani, ni mizuri, ina vichekesho. Nimeiacha. Ukitaka siku moja kuniandika, niandike mtu aliyekaa nyuma ya koti la kijivu lenye uzi mweusi, anangoja kusikia kama watu watakunywa. Hapo nitakubali kila nukta, hata zikikosekana.

Nilitaka kukufundisha kitu, kwa kuwa wazazi wote wanaoandika barua hufundisha. Nimetafuta. Nilichonacho ni hiki tu: uliponiambia "nakuuliza wewe kwanza," ulinifanyia jambo ambalo mimi sikumfanyia mama yako hata mara moja tangu ile siku ya Runyenjes, na siku ile pia aliyemuuliza ni mzee mwingine. Sijui ulijifunzia wapi. Si kwangu. Pengine kwake, kwa njia fulani ambayo mimi sikusikia kwa sababu nilikuwa naongea.

Mvua imepungua. Nasikia vicheko barabarani, lazima ni wewe na ndizi zako. Nitaiweka barua hii chini ya kikombe, mahali pale pale.

Kesho stendi unajua nitakavyokuwa. Nitamtania dereva, nitawaambia abiria kwamba wamepata bahati ya kusafiri na profesa, nitamuuliza kondakta kama basi lake lina breki au lina maombi tu. Watu watacheka. Uniache nicheke, ni kazi yangu na mdomo haujui kazi nyingine. Lakini basi likianza kutoka nitanyamaza, na utaniona kwa dirisha nimeinua mkono. Usije ukawaambia watu kwamba baba alikuwa anakubariki, au anakuaga, au anakuzuia. Mimi mwenyewe sitakuwa najua. Andika mkono tu, na mahali ulipokuwa umekaa.

Ni mimi, baba yako, wa nyuma ya pazia.

Kunyweni.